Sufuria la Somoe na Folda Yangu

Keti hapa, mwanangu, usogeze kiti kivulini. Chai iko tayari, nami sina haraka. Umenieleza habari za kazi yako mpya na nimefurahi, lakini nimesikia na jambo jingine ambalo hukukusudia kunieleza. Umemtaja mwenzako yule wa meza ya dirishani mara nne kabla chai haijapoa. Kwamba maktaba ya kompyuta aliyoiandika yeye ndiyo inayotumiwa na programu za ofisi nzima. Kwamba hata programu yako haiwezi kufanya lolote bila kumwita yeye. Kwamba wakubwa wanamsifu kwa kazi ambayo nusu yake ni yako. Ulikuwa ukicheka uliposema hayo, lakini kikombe umekishika kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

Nakijua kicheko hicho. Nilikuwa nacho nilipokuwa na umri kama wako, na kilinifikisha mahali ambapo ilibidi nisome jina langu mwenyewe kwa sauti mbele ya watu waliolowa mvua. Nipe sukari hiyo, nikusimulie.

Ilikuwa miaka ile biashara ya korosho ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi. Kabla ya hapo mkulima alikuwa na mlango mmoja tu wa kupeleka mzigo wake. Mara malori ya kila rangi yakaanza kupita, na kila kampuni ikaja na mizani yake. Kampuni iliyotuajiri ilikuwa na ofisi Lindi mjini na ghala Mtama, na ilikuwa inajiandaa kufungua ghala jingine Kilwa Masoko. Mkubwa wetu, Mzee Mchopa, alikuwa mpole, mtu wa ushirika tangu zamani, lakini alikuwa amepania kutumia kompyuta kabla ya wenzake. Akaajiri wasichana wawili waliotoka kusomea kompyuta Dar es Salaam. Mmoja ni mimi, Tekla, mtoto wa wakulima wa uwanda wa Makonde. Wa pili ni Somoe, mtoto wa Kilwa Kivinje, mwenye sauti ya taratibu na mtandio usiokaa upande hata siku moja.

Tulikuwa mashoga, marafiki wa kushibana. Tulipanga nyumba moja. Mama yake alikuwa akimtumia mikate ya kumimina. Inapandishwa basi pale Nangurukuru, na ikifika Lindi bado inanukia iliki. Somoe alikuwa akiukata mkate katikati na kunipa nusu yangu kabla yeye mwenyewe hajaonja. Ulikumbuke hilo, tutalirudia.

Kazi tuligawana. Mimi niliandika programu wanazoziona watu: ya kupokea magunia, ya kuchapa lebo, ya kupanga mzigo ghalani. Somoe aliandika maktaba, yaani lile fungu la fanksheni, vipande vidogo vya programu ambavyo kila kimoja kina jina lake na kazi yake moja. Kimoja kilikuwa kinapokea kiasi cha unyevu na matokeo ya korosho zilizokatwa kuangaliwa ubora, kisha kinatoa daraja: ni standard, yaani la juu, au ni andagredi, lile la chini lenye bei ndogo. Kingine kilitengeneza namba ya lebo. Programu zangu zote zilikuwa zinaviita hivyo vya Somoe.

Mwanzoni sikuelewa jinsi zinavyoitana. Mimi nilizoea kubandika kila kitu ndani ya programu moja. Somoe ndiye aliyenifundisha, tena tukiwa uani tunachambua mchele.

"Shoga, kwenu kukiwa na harusi, kila nyumba ina sufuria la kupikia watu mia tatu?"

"Liwekwe wapi? Hata mlangoni halipiti."

"Haya. Kwetu mtaa mzima una masufuria ya shughuli, na yamewekwa kwa bibi yangu. Mwenye harusi anaandika orodha tu: sufuria la pilau, sufuria la mchuzi, upawa mrefu. Haandiki viko wapi, anaandika majina. Siku ya shughuli kuna mtu anazunguka na orodha anavitafuta. Basi ndani ya mashine naye yumo mtu huyo."

Vitabuni anaitwa kiunganishi. Somoe alimwita mtafutaji, nami nimezoea hivyo mpaka leo.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa wengi hupita juu juu. Programu iliyobandikwa kila kitu ni kama nyumba iliyojinunulia masufuria yote. Inakuwa nzito, na kasoro ikionekana, kila nyumba inabidi izibe sufuria lake. Ile inayounganishwa wakati wa kuendeshwa haibebi fanksheni zenyewe. Inabeba majina ya maktaba inazozihitaji, majina ya fanksheni, na jedwali dogo lenye nafasi moja kwa kila fanksheni. Unapoiamsha, mtafutaji anapita kwenye folda kwa mpangilio aliopewa, ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu, akitafuta faili lenye jina la maktaba ile. Analichukua la kwanza analolikuta na kuacha mengine. Haulizi nani kaliandika. Jina likilingana, ameridhika.

Lakini fanksheni, kwa mfumo tuliokuwa nao, mtafutaji hazitafuti zote asubuhi. Kwa nini ahangaikie upawa ambao huenda leo hautatumika? Kwa hiyo mwanzoni nafasi zote za jedwali zinaelekeza kwake yeye. Programu inapoita fanksheni kwa mara ya kwanza, wito unaangukia mikononi mwake. Analitafuta jina ndani ya maktaba, anapata anwani ya mahali fanksheni ilipokaa kwenye kumbukumbu ya mashine, anaiandika kwenye ile nafasi, kisha kazi inaendelea. Mara ya pili programu inaikuta anwani imeshaandikwa na kwenda moja kwa moja. Hasumbuliwi tena.

Na kama jina halimo? Asubuhi hutajua. Mashine itaamka vizuri, watu watafanya kazi, mpaka siku jina lile litakapoitwa.

Umeelewa? Usione aibu kuniuliza tena, mimi mwenyewe nilimuuliza Somoe mara tatu, na mchele ukaisha tukiwa bado tunauliza na kujibu.

Msimu ukaanza. Somoe akigundua kosa kwenye maktaba yake, alirekebisha, akatia faili moja kwenye diski na kulituma Mtama. Basi. Programu zangu zote zinakuwa bora siku hiyo hiyo bila mimi kugusa hata herufi moja. Uzuri wa mtindo ule ndio huo, na huo ndio ulionichoma. Ningelala na programu yangu nikaamka nayo imependeza kwa mkono wa mtu mwingine.

Karani wa ghala la Mtama, Hamisi, alikuwa mtu wa mzaha, akitupigia simu karibu kila siku.

"Da Tekla, mashine leo inachapa lebo kama maji. Mfikishie Da Somoe shukrani."

"Lebo ni programu yangu, Hamisi."

"Aa, basi na wewe umo. Lakini ya Somoe ni ya Somoe."

Akacheka. Mimi niliweka simu chini nikabaki naitazama. Somoe alikuwa meza ya pili, anakuna kidole gumba kwa kalamu, hana habari. Nikamchukia kwa kutokuwa na habari.

Wivu una kazi nyingi, mwanangu, unamchosha mtu kuliko kulima. Nilikuwa nasikiliza nani kamsalimu kwanza. Nilikuwa najua Mzee Mchopa amesimama mezani kwake muda gani na mezani kwangu muda gani. Mikate ilipofika nikaanza kusema nimeshiba, kisha Somoe akitoka kwenda kuswali nakula ile nusu yangu nimesimama nyuma ya mlango, haraka haraka, kama mwizi, na chakula chenyewe nilishapewa.

Kisha Mzee Mchopa akatuita. "Mabinti, ghala la Kilwa litakuwa tayari msimu ukifika katikati. Mmoja wenu atakwenda kuwa msimamizi wa mitambo kule. Bado naangalia." Watu ofisini wakamtazama Somoe. Mtu wa stoo akasema, "Si kwao kule?" Naye Somoe akasema tu, "Inshallah, atakayejaaliwa." Mimi niliitaka nafasi ile mpaka mate yalikuwa machungu mdomoni.

Wiki ile nilipelekwa Mtama kubadilisha wino wa printa. Hapo ndipo nilipofanya nililofanya.

Nilikuwa nimeandika maktaba yangu. Nililipa faili jina lile lile la maktaba ya Somoe, na ndani yake nikaandika fanksheni zenye majina yale yale aliyoyatumia yeye. Nikaiweka kwenye folda yangu, kisha kwenye faili linalosomwa mashine inapowashwa nikaongeza mstari mmoja wa kumwambia mtafutaji: anza kutafuta nyumbani kwa Tekla. Ya Somoe niliiacha palepale ilipokuwa, nzima, haina mkwaruzo. Tofauti ni kwamba mtafutaji hangeifikia tena.

Utaniuliza nilitaka nini. Sikutaka kuharibu. Nilitaka ghala lifanye kazi wiki tatu, Hamisi amsifu Somoe kama kawaida yake, kisha siku moja mbele ya Mzee Mchopa niseme: hicho mnachokisifia wiki zote hizi ni changu. Niliyarudia maneno hayo kichwani mpaka nikayachagulia na gauni la kuyasemea.

Na kweli wiki zilipita vizuri. Hamisi akapiga simu. "Mwambie Da Somoe siku hizi mashine haikosei daraja kabisa." Nikacheka kicheko kile chako.

Sasa sikiliza kosa langu lilipokuwa. Nilinakili majina kwa kutazama kazi ya kila siku: kupima, kutoa daraja, kutengeneza lebo. Somoe alikuwa na fanksheni moja zaidi, ya magunia yaliyorudishwa kupimwa baada ya korosho kulowa na kuanikwa upya. Yeye mtoto wa pwani aliikumbuka mvua. Mimi, mtoto wa wakulima, niliyekulia kwenye mikeka ya kuanikia korosho, nilikuwa namfikiria Somoe tu na mvua nikaisahau. Na mtafutaji hakunionya, maana hakuna aliyeliita jina lile kwa wiki zote zile.

Mvua ikanyesha Mtama siku mbili. Wakulima wakaanika upya, wakaleta. Asubuhi ile Hamisi akagusa kitufe cha kupima upya, jina likaitwa kwa mara ya kwanza, mtafutaji akatafuta ndani ya maktaba yangu, hakuliona, na programu nzima ikafa. Kila akiiwasha, gunia la kwanza lililoanikwa upya linaiua tena. Kwenye skrini likabaki jina la fanksheni iliyokosekana na jina la maktaba. Hamisi aliyasoma kwenye simu pole pole, herufi kwa herufi. Lilikuwa jina la maktaba ya Somoe.

"Somoe, binti yangu," Mzee Mchopa akasema, "bila lebo hakuna gunia linaloingia ghalani. Na wingu linarudi."

Somoe akasimama. Tukapanda pikapu ya kampuni sote wawili kwenda Mtama. Njia nzima alikuwa na karatasi za maktaba yake mapajani, anazipitia ukurasa kwa ukurasa.

"Nimekosea wapi, shoga? Fanksheni hii nimeijaribu kwa mkono wangu."

Nikamwambia sijui. Ningeweza kusema pale pale, mwanangu. Kulikuwa na dereva na sisi wawili tu. Lakini upande mmoja wa moyo wangu ulikuwa unamtazama akihangaika, na ulikuwa unafurahi. Nakuambia hili ili usije ukadhani kwamba wivu ni tamaa ya kupata tu.

Tulikuta magunia yamepangwa nje mpaka barabarani. Mvua nyepesi ilikuwa imeanza. Watu wamevua koti na khanga kufunika mizigo, wao wenyewe wanalowa. Bibi mmoja alikuwa amejilaza juu ya gunia lake kama anayefunika mtoto.

"Shikamoo bibi," Somoe akasema.

"Marahaba. Wewe ndiye Somoe wa mashine?"

"Ndiye mimi."

"Nimezianika siku tatu, mjukuu wangu. Zikilowa tena ni andagredi. Usiniache."

"Sikuachi, bibi."

Tukaingia. Hamisi hakuwa na mzaha siku hiyo. Somoe akakaa mbele ya mashine, akaandika amri moja fupi, ile inayoorodhesha kila maktaba programu inayoihitaji na mahali ilipopatikana. Mistari ikatokea. Nikaona mkono wake umesimama juu ya vitufe.

Kisha akasogeza kiti pembeni.

"Tekla, njoo unisomee mstari wa tatu. Macho yangu yamechoka."

Macho yake hayakuwa yamechoka. Nilisogea. Mlangoni walikuwa wamesimama wakulima watano au sita, na bibi yule amelishika gunia lake kwa nje akichungulia. Hamisi asingejua kusoma mstari ule. Ningeweza kusema lolote, na Somoe alijua hivyo. Nikamtazama bibi, maji yanamtiririka kwenye pua.

"Maktaba ya korosho," nikasoma. "Imepatikana kwenye folda ya Tekla."

"Tekla yupi?" Hamisi akauliza.

"Mimi."

Mvua ikawa inasikika juu ya bati. Somoe akainuka, akanipa kiti. "Iondoe wewe mwenyewe," akasema taratibu. "Watu wanangoja."

Nikaufuta ule mstari. Nikaiwasha mashine upya, kisha programu. Mtafutaji hakupita tena pale nilipokuwa nimejiweka, akaenda moja kwa moja hadi kwenye maktaba ya Somoe. Hamisi akagusa kitufe cha kupima upya, na lebo ikatoka. Bibi akaingia wa kwanza, gunia lake ni kavu. Lakini yale ya mwisho kabisa kwenye mstari, ya baba mmoja aliyekuja peke yake na koti moja, yalikuwa yameshalowa chini. Hamisi alipoyapima yalitoka andagredi. Yule baba hakunitukana. Alizichukua lebo zake akazisoma moja moja, halafu akatoka.

Wakati wa kurudi, tulipokaribia mjini, Somoe akanigeukia.

"Kama ulitaka sufuria lako ndilo lipikiwe, shoga, ungeniambia. Langu ningelitoa jikoni mwenyewe." Kisha akaongeza, "Ile fanksheni yako ya daraja nimeisoma wakati mnapima. Ni nzuri kuliko yangu. Yangu inakosea gunia likipimwa mara mbili."

Ningependa angenipiga kofi.

Nilimweleza Mzee Mchopa mwenyewe, siku hiyo hiyo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani. "Binti, unajua kuandika. Bado hujajua unamwandikia nani." Akanitoa kwenye kompyuta msimu mzima, akanipeleka Mtama kwenye meza ya kukata korosho za kupimia. Mafuta ya ganda yalinibabua vidole mpaka ngozi ikatoka. Kila siku niliwaona wakulima wa siku ile ya mvua wakija, nao waliniona.

Somoe akaenda Kilwa Masoko. Kabla hajaondoka aliichukua fanksheni yangu ya daraja akaiingiza kwenye maktaba yake, na ndani, mahali pa maelezo, akaandika: hii ni ya Tekla. Ikawa inaitwa kila siku Lindi, Mtama na Kilwa, na hakuna karani hata mmoja aliyewahi kusoma maelezo yale. Unajua nilifanya nini? Niliona wivu tena. Nilimwonea wivu kwa sababu ya kitu changu, kwa kuwa kilikuwa kinakaa kwake. Hadi leo nikisikia jina lake wivu ule unaamka. Nimejifunza kuungoja upite, na kila mkate wa kumimina ukija nyumbani kwangu naukata katikati kwanza.

Kwa hiyo mwanangu, sikuambii usione wivu, maana hukuumbwa kwa mbao. Nakuambia usiufanye uwe kazi yako. Programu yako kumwita mwenzako si unyonge wako. Ndivyo kazi kubwa zinavyofanyika, mmoja anaita na mwingine anaitika, na anayeita vizuri naye ni fundi. Kama una fanksheni bora kuliko yake, mpelekee mkononi, useme ni yako, mwache aipime. Usijiweke mbele yake njiani kwa jina lake. Utaitwa kweli, lakini siku moja utaitwa kwa jambo usiloliweza, na watakaolowa ni watu ambao hawakukukosea kitu.

Mungu akubariki katika kazi yako, akupe mwenzako anayekata mkate kabla ya kuonja, nawe akufanye uwe mwenzake wa namna hiyo.

Maliza chai yako. Kesho asubuhi ukifika kazini, kabla hujafanya lingine lolote, andika ile amri ya kuorodhesha maktaba na usome kila mstari mpaka wa mwisho. Ukikuta folda yako mahali pasipo pake, ifute mwenyewe, kisha nenda kwenye meza ya dirishani ukamwambie mwenzako ulichokuwa umefanya.